Dereva Hana Kosa

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta kikohozi kimekwisha kabisa, na shemeji naye mgongo umempa nafuu. Wapwa zangu hawajambo? Sisi huku afya tunayo. Wanao wanakusalimu, na kila mmoja anauliza shangazi akija atamletea nini. Najua utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwa simu haya yangenishinda. Ungenikatiza kidogo tu, nami ningepata mwanya wa kubadilisha maneno.

Umeniarifu kwamba mwisho wa mwezi mtakuja, wewe na baba mkubwa, kumkalisha wifi yako kikao kuhusu huyo dereva wa ofisi. Kabla hamjafunga safari, nisikilize.

Kama unavyojua, mimi na mke wangu kazi yetu ni moja. Tulisoma ufundi darasa moja, kisha tukaajiriwa kutunza maabara za kompyuta, yeye shule ya wasichana, mimi hapa ya wavulana. Miaka yote hiyo maongezi yetu ya jioni yalikuwa ni mashine, na tulicheka sana. Mimi nilisimulia jinsi wavulana walivyobandua herufi za kibodi na kuzipachika ovyo ili mgeni akiandika jina lake litoke tusi. Yeye alisimulia chingamu aliyoichokonoa kwa sindano kwenye tundu la flashi. Mashine ikimshinda mmoja, mwingine alipita baada ya kazi kumsaidia. Hakukuwa na mkubwa wala mdogo.

Mwaka huu ofisi ya elimu ikatangaza nafasi ya msimamizi wa maabara za shule zote za hapa. Wifi yako akaipata. Nilimpongeza mbele za watu, nikacheka mpaka mashavu yakaniuma. Lakini nyumbani nikaanza kuona makosa kila mahali: chumvi imezidi, mlango haukufungwa, viatu vyake viko njiani. Simu yake ikilia, mwalimu mkuu wa shule fulani akitaka ushauri, mimi naongeza sauti ya redio. Mwalimu wa kompyuta wa hapa kwetu akaanza kuniita Mume wa Msimamizi. Alikuwa anatania tu, lakini mzaha wake uliniunguza.

Katika moto huo ndipo nilipokupigia nikakwambia kwamba mke wangu amebadilika, kwamba anarudishwa na dereva na wanacheka ndani ya gari kama watu wenye lao. Hukuniuliza maswali mengi. Ulikasirika kwa niaba yangu, na Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri.

Siku chache baadaye akaja kukagua maabara yangu. Alinisalimu kikazi, "Habari za kazi, fundi," mwalimu mkuu akiwa nyuma yake amefumbata mikono. Akawasha mashine moja baada ya nyingine kuanzia mlangoni. Haikuchukua muda akagundua kwamba nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio ni lile lile kwa mashine zote, na wavulana wamelijua siku nyingi, wanapakia michezo wanavyotaka. Kisha akauliza kwa nini safu ya nyuma imezimwa. Nikamweleza kwamba mashine zile hujizima zenyewe kila mchana, nimezibadilishia feni, nimeziwekea programu upya, wapi. Akapiga magoti, akapitisha mkono nyuma ya mashine moja. Akasema makasha ya mashine yamesukumwa mpaka yamegusa ukuta, hewa ya moto haina pa kutokea, na ukuta wenyewe unachomwa na jua la mchana. Tukayavuta mbele, yeye upande huu, mimi upande ule. Mchana ule hazikuzima.

Dada, zilipoendelea kuunguruma nilifurahi kweli, furaha ya fundi. Haikukaa. Nilimwona mwalimu mkuu anavyomtazama, nikatamani zizime.

Alipokuwa anaaga alimwambia mwalimu mkuu kwamba nenosiri libadilishwe, kila mashine iwe na lake, ila hajaona maabara yenye nyaya zilizofungwa vizuri kama hii. Hata sifa hiyo ilinichoma. Nani alimwomba anisifu?

Jioni akaniuliza kama amenivunjia heshima mbele ya mkuu wangu. Aliuliza kwa upole, anakunja nguo za watoto, na nikashindwa kuendelea kununa. Nikamwambia jambo ambalo hata wewe hulijui. Nafasi ile niliiomba na mimi. Niliomba kwa siri, na siku ya usaili nilimuaga naenda kununua nyaya. Siku aliyorudi na habari njema, ndipo nilipojua mimi nimekosa. Kwa hiyo wivu ninao, tena mkali, lakini si wa mwanamume yeyote. Ninamwonea wivu mke wangu.

Aliiweka kando nguo aliyokuwa anaikunja. Kisha akasema, "Ungeniambia, tungejiandaa pamoja. Labda ungepata wewe."

Ningeishia hapo angenisamehe usiku ule ule. Lakini nilijua mnajiandaa kuja, nikamwambia na la dereva, na kwamba ninyi mmekwisha kuliamini. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Hakupandisha sauti.

"Mimi nisingizie utakavyo," akasema, "lakini yule mzee wa watu amekukosea nini?"

Maana dereva mwenyewe, dada, ana wajukuu, na gari likisimama tu anasinzia. Wanachocheka ni usingizi wake. Wifi yako alichukua mto akahamia chumba cha watoto, na mpaka leo ananijibu lile nililouliza, hazidishi neno.

Leo nimeshinda maabara nikibadilisha manenosiri kama alivyoagiza. Nakiri nilinung'unika kwa kila mashine. Wivu haujaniisha, nisikudanganye mara ya pili. Ila sasa najua jina lake.

Nakuomba umweleze baba mkubwa, na mama pia, kwamba habari ile niliitunga mimi. Kama mtakuja, na mje, msije kunitetea. Mkifika mlangoni msalimieni yeye kwanza, tena kwa heshima, na kwenye kikao mkae upande wake. Mimi nitakaa peke yangu, panapostahili.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu wote. Nawapenda, na nawaonea haya.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi wa shule ya wavulana