Picha ya Mama Aliyenawiri

Alhamisi jioni, nyumbani kwangu Kamunyonge. Wingu limekaa juu ya ziwa tangu asubuhi na mvua yenyewe hainyeshi. Na mimi nimekaa hivyohivyo.

Nimeifungua tena ile picha. Mlioanza kunisoma hapa mtandaoni zamani mnaikumbuka: mama yangu uani kwake kule Kiabakari, kavaa kitenge kipya kutoka dukani kwangu, mashavu yamejaa, chupa ya soda mkononi. Chini yake niliandika, "Mama amenawiri, asante Mungu." Mlinipongeza sana. Zile pongezi nilizisoma mara mbilimbili, nisiwadanganye.

Leo zinanitia aibu.

Tumeshinda hospitali kwa ajili ya kidonda cha mama. Alijikwaa kwenye jiwe, kidole cha mguu kikachubuka kidogo tu, na huu ni mwezi wa pili hakijafunga. Sukari iko juu, presha iko juu, magoti yamevimba. Daktari, dada mmoja mdogo kwangu kwa umri, alisema sukari isiposhuka na kidonda kikizidi, vidole viwili vinaweza kukatwa. Kisha akauliza mama anakula nini.

Mama akaniangalia mimi. Nikajibu, tena kwa kujidai: mkate mweupe, chapati, soda, nyama ya kukaanga, soseji nikipata. Daktari aliweka kalamu chini.

Alitueleza taratibu. Alisema mwili unaolishwa hivyo kila siku unakuwa kama unawaka ndani kwa ndani, unapigana na adui asiyeonekana. Mafuta ya tumboni nayo hayakai bure, yanauchochea huo moto, na moto ukidumu sukari inakataa kushuka, mishipa inachakaa na vidonda vinachelewa kupona. Akasema chakula si sababu pekee, umri na ukoo navyo vimo, na dawa zisiachwe. Ndipo akamgeukia mama mwenyewe: zamani ulikuwa unakula nini?

Mama akataja ugali wa mtama na muhogo, dagaa, mlenda, mgagani, maharage. Nilikuwa sijamsikia akiongea kwa furaha hivyo siku nyingi.

"Basi mama, hivyo ndivyo nilitaka nikuandikie," daktari akasema. "Ugali uwe kidogo tu, mboga ndiyo ijae."

Hicho ndicho chakula nilichomnyang'anya.

Duka langu liliposimama imara nilisema mama amekula umaskini vya kutosha. Nilimwambia mtama ni chakula cha ndege. Nikaweka mtu wa kumlimia, nikaagiza shamba lote lipandwe mahindi, yeye nikamkataza hata kushika jembe. Kila mwisho wa mwezi nilishuka Kiabakari na kreti ya soda, mikate na ndoo ya mafuta, tena nilishukia barabarani makusudi ili nivipitishe mbele za watu. Huku kwetu mtoto aliyeko mjini anapimwa kwa mwili wa mama yake. Mama akikonda, majirani wanaulizana watoto wake wako wapi. Wa kwangu alinenepa, nikatembea kifua mbele. Alipoanza kuhema akitoka tu jikoni hadi uani, nilisema ni shibe.

Jioni hii nimemwekea mguu juu ya kigoda hapa sebuleni. Akasema bila hata kuniangalia:

"Nyangeta, mimi soda nilikuwaga siipendi. Inanichomaga kifua."

Nikamuuliza, sasa mama mbona ulikuwa unakunywa?

"Si umeleta wewe, mwanangu. Ningekataa, ungejisikiaje?"

Nilienda jikoni kuosha kikombe kimoja. Nilikiosha mpaka macho yakakauka.

Miaka yote hiyo nilidhani namlisha mama. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa ananilisha mimi sifa, na mguu wake ndio unaolipa.

Jumamosi namrudisha kwake. Nimeshanunua unga wa mtama na dagaa, na nimempigia simu yule mtu wa shamba kumwambia kwamba msimu ujao upande wa shamba ulio karibu na nyumba ni mtama tu, na mama atapalilia mwenyewe kidogokidogo kidonda kikifunga. Mkate sibebi. Soda sibebi. Nawajua majirani watakaokuja kumpa pole, jicho la kwanza litatua kwenye mfuko niliobeba.

Picha sitaifuta. Ibaki, mnione nilivyokuwa.

Kinachonitisha si Jumamosi. Ni siku ile, Mungu akijalia, mama atakapokuwa amepungua, anatembea na vidole vyake vyote, na mtu akanisimamisha barabarani aniambie, "Mbona mama yako amekonda hivyo, umemchoka?" Nitaweza kunyamaza, nimwache mama yangu apone? Au nitarudi dukani kubeba kreti?