Kigingi cha Kando ya Guka

Jumatano, 6 Agosti 2025

Wamekuja! Injinia Zeddy na vijana wawili, buti mpya, makoti ya kung'aa. Wamepigilia vigingi vyekundu kutoka barabara ya Kabazi mpaka shambani kwetu. Bomba la gesi litafuata hapo. Kimoja kiko hatua mbili tu kutoka kaburi la guka, babu yangu.

Injinia aliuliza, "Na huyu msichana anaitwa nani?" Nikajificha nyuma ya tangi la maji. Kimberly. Neno moja tu! Lilinishinda.

Cucu, mamake Baba, aliuliza kama tutapikia hiyo gesi. Akaambiwa hapana, ni ya viwanda vya mbali, hapa inapita tu.

"Itapita kwangu bila hata kusalimia?"

Jumamosi, 9 Agosti

Kila mtu anataka fidia. Mti unalipwa, nyumba inalipwa, kanisa linalipwa zaidi. Kwa hivyo Baba amepanda miche mia mbili ya avokado kwa siku mbili, imebanana kama watoto kwenye asembli ya shule. Jirani yetu Mwaura naye amejenga kanisa la mabati karibu na mpaka wetu. Halina mlango bado, lakini askofu liko naye — Mwaura mwenyewe. Waumini ni mke wake na mbuzi.

Nimesoma karatasi za masharti walizotuachia. Kiingereza kitupu. Hakuna kuchimba mita kumi na tano kila upande wa bomba. Milele. Nikamweleza cucu kwa Kiswahili. Akageukia kaburi la guka. Halafu: "Na mimi mtanizika wapi?"

Tangu nizaliwe anasema atalala kando ya guka. Nafasi yake ameshaipanda maua, anayamwagilia kila Ijumaa.

Baba akasema, "Mathe, wewe bado uko sana. Wacha hizo story." Akaenda kumwagilia avokado.

Jumapili, 10 Agosti

Nimefanya kitu. Siandiki.

Sawa, naandika. Nilisema naumwa na kichwa, wakaenda kanisani wakaniacha. Nikang'oa kile kigingi. Hatua arobaini, nimezihesabu, mpaka nyuma ya kanisa la Mwaura. Nikakipigilia kwa jiwe. Mimi! Mtu ambaye hajawahi hata kuchelewa shule!

Cucu aliporudi aliangalia matope kwenye viatu vyangu. Akaniletea dawa ya kichwa na maji. Ikabidi nimeze.

Jumanne, 12 Agosti

Wamerusha ndege ndogo ya kupiga picha vigingi, ili wachore ramani. Mwaura anatoa ushuhuda mpaka kwa posho mill tunaposaga unga: Mungu amelisogeza bomba likaifuata madhabahu. Baba hamwongeleshi; avokado zake zimebaki nje ya mstari.

Jumanne, 19 Agosti

Ramani imebandikwa kwa chifu. Mstari unatoka Bahati umenyooka kama rula, ukifika kwetu unapinda kama kiwiko, halafu unanyooka tena. Kiwiko changu! Kimepigwa mihuri mitatu.

Alhamisi, 21 Agosti

Naandika nyuma ya tenti.

Leo ndio mkutano wa maoni ya wananchi. Sheria inasema masharti yasomwe kwa lugha watu wanaelewa. Mtafsiri hakuja — wamempeleka Mau Narok, walichanganya tarehe. Chifu akauliza ni mtoto wa nani yuko vizuri kwa Kiingereza na Kiswahili. Baba akanisukuma mgongoni. Nikapewa maikrofoni na kurasa kumi na moja.

Kwanza Injinia Zeddy alieleza ule mpindo. Eti ni wa kitaalamu. Eti mawe ya Bonde la Ufa yalivyolala hapo chini, bomba haliwezi kupita kwingine, na yeye mwenyewe alipima mara tatu. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akasema hata babake alikuwa anajua hayo mawe. Sikujua kama nicheke ama nitapike.

Nikaanza kusoma. Sauti kama ya kifaranga, lakini nikasoma. Ukurasa wa sita ulipoisha, jenereta ikazima. Petroli imeisha! Mkutano wa gesi. Chifu ametuma boda akalete, sisi tukapewa soda.

Sasa shida. Ukurasa wa saba unasema anayetaka mstari urudi ulipokuwa mwanzo anyooshe mkono ukurasa huo ukishasomwa. Ni leo tu. Mkono mmoja unatosha. Baba amekaa mstari wa mbele na avokado zake mia mbili kichwani. Hajui kuna ukurasa kama huo. Hakuna mtu ameusoma isipokuwa mimi.

Nimeukunja. Uko mfukoni mwa sketi.

Cucu amekuja na soda yake nusu. "Karatasi gani hiyo unaficha?"

"Haina kitu, cucu. Ni tupu."

Akacheka kidogo. "Na ile Jumapili ulikuwa unaumwa na kichwa."

Nikamwambia yote. Kigingi, hatua arobaini, mkono mmoja. Alisikiliza akinifuta uso na kitambaa chake cha guild ya akina mama kanisani. Halafu akasema, "Soma zote, Kim. Kwenye kaburi la wizi sitalala."

Akaniachia ile soda. Ninamwona kutoka hapa. Amepita wazee wote, amemwambia Mwaura asonge, amekaa kando ya Baba. Amemshika mkono. Baba anashangaa, anajaribu kuutoa kwa adabu. Cucu hauachi.

Ni ule wa kulia, wa kunyoosha.

Boda imerudi. Jenereta imewaka. Chifu anaita jina langu.