Baba Mkubwa Amejaza Jina Lake Kwenye Fomu Yangu ya Uhasibu

Maguu, Jumanne, 6 Juni 1995. Asubuhi ukungu mzito, baridi, mvua hakuna.

Mpendwa Mama Rukia, nakuomba unielekeze maana nimechoshwa na watu wa nyumbani ambao wote wananitakia mema, mimi ni msichana wa miaka ishirini na mbili, nilimaliza kidato cha nne na sasa nasoma uhasibu kwa njia ya posta, na chama cha wahasibu kinapokea wanafunzi kuwa wanachama, ukipata namba unaletewa maswali ya mitihani iliyopita na unaruhusiwa kuhudhuria masomo ya Jumamosi kule Songea, na bila namba huandikishwi mtihani wa Novemba. Fomu ilifika tarehe 12 Mei, Jumapili yake nikaipeleka kwenye sengu, yaani pale ukoo wetu unapokula pamoja na kuamua mambo, nikaenda jikoni kuchukua ugali, niliporudi Baba Mkubwa Ignatio alikuwa amekwishaandika jina lake kwa wino kwenye nafasi ya mwanachama na kutia sahihi.

"Baba Mkubwa, hiyo ni yangu," nikasema.

"Nani kakataa? Kahawa mnayochuma wote inauzwa kwa namba ya nani pale ushirika? Yangu. Na hii iwe yangu, wewe utaitumia."

Mwanawe Tadei akasema, "Basi Novemba mzee akafanye mtihani."

"Nitakwenda, na wewe uliyeshindwa darasa la saba utanibebea kalamu."

Watu wakacheka, nami nikacheka, na tangu siku hiyo nimeliandika jambo hili kwenye shajara yangu mara kumi na moja bila kumwambia yeye lolote, kwa sababu ndiye aliyenisomesha, na fomu mwisho ni tarehe 31 Julai, jana nimejaribu kufuta wino kwa wembe karatasi ikatoboka, nifanye nini, nimelala saa saba na dakika ishirini usiku.

Gaudiosa

Gaudiosa, pole. Lakini wembe? Mtu anayesomea uhasibu anakwangua maandishi? Tabia hiyo iache leo.

Baba yako mkubwa hana kosa. Miaka yote ushirika umeandika jina moja kwa shamba zima, na hivyo ndivyo anavyojua. Mwenye kosa ni wewe uliyecheka, kisha ukanyamaza siku ishirini na tatu. Shajara yako yeye haisomi. Ulitaka nani amwambie, mimi huku gazetini?

Na usiniambie utajiunga ukishahitimu, kama wengi wanavyoniandikia. Anayesoma peke yake kijijini ndiye anayehitaji wenzake kuliko wote, na hizi kampuni mpya za kahawa zinauliza kwanza umeandikishwa wapi.

Andika leo kuomba fomu nyingine. Ikifika, jaza jina lako kabla hujaitoa nyumbani. Jumapili nenda kwenye sengu, mpe shikamoo yake, mwambie mbele ya wote: "Baba Mkubwa, mtihani nitafanya mimi, kwa hiyo jina ni langu." Tadei akicheka, mwache acheke peke yake.

Halafu mwonyeshe mstari wa chini kabisa. Fomu hizo nimeziona: panatakiwa sahihi ya mtu mzima anayemfahamu mwombaji. Aliyekusomesha ndiye anayekufahamu. Mpe kalamu, mwonyeshe kwa kidole, na safari hii usiende jikoni mpaka amalize.