Nilimjibia Kocha Mihai

Jumanne jioni, Majengo, Nyeri.

Baridi ya leo si ya mchezo. Mlima haujaonekana tangu asubuhi, rasharasha haikatiki, na mimi nimejifunika blanketi hadi shingoni. Lakini si baridi inayonisumbua. Leo nimefanya jambo la kijinga, na nimelifanya kwa ustadi.

Nimempiga kocha wangu ngumi ya uso. Hilo lenyewe si kosa. Alikuwa amenishikia pedi kwenye ukumbi wetu wa mazoezi, akasema, "Kushoto," nikatupa kushoto, lakini yeye akainua pedi ya upande mwingine. Ngumi ikapita patupu ikamkuta shavuni. Akaketi sakafuni, akacheka. Nikacheka pia kwa sababu sikujua la kufanya. Si mara ya kwanza mwezi huu.

Kama wewe ni mgeni hapa: Kocha Mihai ni Mromania. Alianza ngumi akiwa mtoto, kwenye klabu ya kiwanda alichofanyia kazi baba yake. Miaka ya ridhaa ndiyo anayopenda kuisimulia, akiwa na fulana ya taifa na kofia ya kinga, raundi tatu, halafu mnapeana mikono mnaenda kunywa chai. Ati enzi hizo alikuwa hashikiki.

Kisha akaingia ngumi za kulipwa, na hapo masimulizi yake hupungua. Alianza kwa kushinda. Akaja akapoteza, akapoteza tena, na kuanzia hapo akawa bondia wa kuitwa dakika ya mwisho. Leo Ujerumani, kesho Uingereza, kwenda kupigwa na kijana wa wenyewe anayejengewa jina. Huko ndiko alikokutana na Mama Njoki, mwenyeji wa Mweiga aliyekuwa akifanya kazi hotelini. Alipostaafu wakaja huku, wakalima viazi na kufuga ng'ombe. Kiswahili alifunzwa na mkewe, kwa hivyo anaongea kama mzee wa Mweiga kabisa.

Kuna ujanja alinifundisha mapema. Ukiangushwa, daktari wa ulingoni anakuja kukuuliza uko wapi, leo ni siku gani, hii ni raundi ya ngapi. Ukikosea, anasimamisha pambano. Basi mtu wako wa kona anasimama nyuma ya daktari, anakuonyesha jibu kwa midomo, bila sauti. Mihai husema ujanja huo ulimwokoa mara nyingi.

Sijui ulimwokoa na nini.

Leo Mama Njoki alitoka sokoni akampitia, akamkuta kwenye benchi na kitambaa cha maji shavuni. Hakupiga kelele. Aliinama mbele yake, akamuuliza polepole, "Baba Njoki, leo ni siku gani?"

Macho ya Mihai yakamwacha mkewe, yakanitafuta mimi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama Njoki, na kabla sijafikiri, midomo yangu ilikuwa imeshasema: Ju-ma-nne.

"Ni Jumanne," akasema. "Ati unaniuliza kama daktari?"

Mama Njoki akashusha pumzi. Akamfuta uso, wakaenda nyumbani.

Nimejiambia siku nzima kwamba ilikuwa huruma. Huruma ilikuwepo, siwezi kukataa. Lakini Jumamosi nina pambano langu la kwanza la kulipwa, kule Nanyuki, na sijawahi kupigana bila sauti yake kwenye kona. Nilimtaka Jumamosi. Ukweli ndio huo, na unanitia aibu.

Hakuwa akitania aliponitazama. Hakuijua siku. Na mimi najiandaa kuingia mlango uleule alioingia yeye.

Nimeogopa, wacha niseme.

Nilipomaliza kuswali Magharibi nimekuta ujumbe wa Mama Njoki: "Asante Halima kwa kuniangalilia mzee. Nilikuwa nimempangia daktari wa kichwa kesho, sikuwa nimemwambia mtu. Lakini vile amejibu leo nimeona ni uzee tu. Nimewaambia hatukuji."

Nimeusoma nimesimama, kisha nimekaa chini.

Nimeandika jibu nikalifuta. Nimeandika lingine, nalo nikalifuta. Jambo kama hili halifai kuandikwa, linafaa kusemwa. Nitamwambia kwamba mzee hakujibu, nimejibu mimi. Atakasirika. Mihai atakasirika zaidi, ataniita msaliti kwa Kiromania, na Jumamosi huenda nikaangalia kona yangu nisimwone. Na iwe hivyo. Asubuhi wanaweza bado kupata nafasi kwa daktari wakiwahi.

Napiga simu sasa, kabla sijajitafutia sababu nyingine nzuri.