Walimwombea Mama Risper Akiwa Amesimama Pale

Jumamosi. Jua limechoma tangu asubuhi, na upepo wa ziwa haukutusaidia chochote. Nimevua viatu, chai imepoa mezani, na hasira bado haijanitoka.

Leo walikuja wageni wetu kutoka Ulaya. Mji wetu huu mdogo, ukishapita Kisian, una undugu na mji wao. Miji dada, wanaita. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, kwa hivyo kila wakija naitwa kuwatafsiria watu.

Mama Risper anakaanga samaki pale bichi, ufukoni mwa ziwa. Wageni walipokuja mara ya kwanza, kiongozi wao, Bi. Ingrid, alilala kwake wiki nzima. Aliondoka akilia, akaahidi kwamba watu wetu wakialikwa kwao, Mama Risper atakuwa wa kwanza. Mama akatafuta pasipoti. Akashona gauni. Akajifunza kusema asante kwa lugha yao, akawa anawachekesha wateja nayo.

Safari ya kwenda kwao ilipofika, mwenyekiti wa kamati yetu ya miji dada alimwambia amenyimwa viza. Akaenda mpwa wa mwenyekiti, Lavender, anayeuza nguo sokoni Mamboleo.

Tuliamini. Kunyimwa viza si jambo geni huku.

Leo uwanjani Bi. Ingrid alishika maikrofoni, akaomba tusimame kimya tumkumbuke rafiki yake, marehemu Mama Risper, ambaye binti yake Lavender walimpokea kwao kwa heshima.

Marehemu!

Mama Risper alikuwa nyuma ya kamba iliyotutenga na wananchi, katikati ya wanawake wa kwaya, akingoja nimwambie rafiki yake amesema nini.

"Mwalimu, sema tu anawasalimia," mwenyekiti akaninong'oneza.

Nikatafsiri kila neno.

Wanawake wakapiga yowe. Mama Risper akainua kamba, akaja mbele. "Ingrid! Mimi nimekufa lini?" Wakakumbatiana.

Nilifikiri sasa sherehe itaharibika. Nilitaka iharibike.

Mwenyekiti akachukua maikrofoni akicheka. Akasema kina Mama Risper ni wengi huku, majina yalichanganyika, tumshukuru Mungu kwa uhai. Meza kuu ikapiga makofi.

Baadaye nilimvuta Bi. Ingrid kando, nikamweleza Lavender ni nani hasa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimeelewa," akasema. "Lakini nikiyasema haya nyumbani, watafunga kila kitu. Hata maji ya shule yenu tunayoyalipia."

Kisha akaenda kupigwa picha na mwenyekiti. Mama Risper alikuwa amesharudi nyuma ya kamba, maana hakuna aliyempa kiti.

Jioni nilimpitia kibandani kwake. Alikuwa anageuza samaki, hakuinua macho.

"Mwalimu, ameniuliza watoto," akasema. "Ameniuliza mguu wangu unaoniuma. Hajaniuliza kwa nini sikuenda."

Nilinunua samaki ambaye hata sikumtaka, nikaja nyumbani.

Mwenyekiti ameshanitumia ujumbe: wageni wakija tena, kamati itatafuta mtafsiri mwingine. Watafute. Hilo halinisumbui.

Kinachonisumbua ni Ingrid. Akifika kwao, atawaambia watu wake kwamba Mama Risper yuko hai?