Nyumba Yetu Imefeli kwa Mwanangu

Nyumba yetu imefeli mtihani wa tsunami, na aliyeifelisha ni mwanangu Salma, niliyemzaa humu humu ndani, chumba cha juu.

Salaam aleikum, wenzangu. Leo ni Alhamisi, joto limetukaba, upepo hakuna, na chai yangu imepoa mezani. Naandika kwa sababu nikinyamaza nitapasuka.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: Salma ni binti yangu wa pekee, msomi wa mambo ya bahari. Mimi niliishia darasa la saba, lakini mwanangu akisema neno kuhusu maji, maprofesa wanaandika. Nimelisema hili mara nyingi na nitalisema tena. Disemba ile ya tsunami ya 2004, bahari ilipojivuta nyuma na mtaa mzima ukateremka kutazama, alikuwa mdogo, amenishika buibui. Watu wote macho yao yalikuwa kwa samaki walioachwa matopeni. Yeye peke yake aliuliza maji yameenda wapi.

Sasa amerudi na wenzake wa chuo kuipima mitaa ya chini, hii yetu iliyo karibu na bandari ya kale. Wanataka kujua tsunami ikija maji yatafika wapi na watu watakimbilia wapi. Juzi alinieleza sebuleni. Alichukua mikeka miwili, akausukuma mmoja chini ya mwengine, polepole. Ukingo wa mkeka wa juu ukanasa, ukapinda, ukazidi kupinda, kisha ukafyatuka na kumwaga kikombe changu cha kahawa.

"Ndivyo ardhi inavyofanya chini ya bahari, Mama," akasema. "Kule Makrani, ng'ambo ya bahari, walikotoka Mabulushi wetu, na kule Sumatra. Kikombe chako ndio bahari."

Nikamuuliza, kama ni mbali hivyo, sisi watu wa Mombasa yatuhusu nini. Akasema mawimbi yanasafiri. Ila kwa umbali huo yatachukua saa kadhaa, kwa hivyo habari itatutangulia na tutapata muda wa kupanda mpaka barabara ya Ndia Kuu na kuipita.

Tutapata muda sisi wenye miguu.

Mavyaa wangu, mama wa marehemu mume wangu, hana miguu ya kupanda popote. Analala chumba cha chini, karibu na mlango, asikie nani anapita na nani hakumsalimia. Kwa ajili ya watu kama yeye, Salma anatafuta nyumba za ghorofa zilizo imara, za humu humu mtaani, wabebwe wapandishwe juu wangoje maji yarudi.

Hapo mdomo wangu ukatangulia. Ghorofa tatu, kuta za mawe nene kama za ngome, mlango wa nakshi ambao kila mtalii husimama kuupiga picha. Itakuwa nyumba gani kama si hii? Nikautangazia mtaa. Nikaalika watu waje kwangu wamsikie Salma akitaja nyumba iliyochaguliwa, na biriani juu yangu. Nikamwambia jirani yangu Bi Zuleha asiwe na wasiwasi, maji yakija nitamwekea nafasi juu, karibu na dirisha.

"Ahsante, shoga yangu," akasema. "Nije na mto wangu au utaniazima?"

Nyumba ya Bi Zuleha ni ya saruji tupu. Mwanawe mwenye malori alivunja ile ya zamani akajenga hii. Mimi siku zote nimeiita kontena la bandarini Shimanzi lililosimamishwa wima. Mavyaa wangu yeye hakuifanyia mzaha. Harusi yake ilichezwa katika ile nyumba ya zamani. Siku ilipovunjwa aliapa hatatia mguu hapo, na hakutia. Hata Bi Zuleha alipofiwa na mumewe, mavyaa alinituma mimi na mkono wa pole.

Jana wakaja kuipima yetu. Wakagonga kuta, wakamulika boriti. Boriti zimeliwa ndani, nje zimebaki ganda. Chini ya ukuta, chumvi imepanda mpaka kiunoni, na chokaa ilimwagika yenyewe kama unga. Salma aliweka kiganja ukutani, kikatoka cheupe.

Nikajua.

Jioni akanionyesha ramani yake. Yetu nyekundu. Ile ya saruji kijani, na alama ya watu wakipanda ngazi.

Nilimbembeleza mwanangu. Nimemlea kwa kuuza mahamri, sijawahi kumuomba kitu. Nikamwambia aipake hata manjano basi, mbele ya watu.

Hakunikasirikia. Akaniuliza tu, "Mama, nikiipaka manjano, nani atamtoa Nyanya humu siku hiyo?"

Nilijisifu miaka yote kwamba mwanangu hasemi uongo.

Leo asubuhi nimemwita fundi. Ametazama juu, ametazama chini, akaomba maji ya kunywa. Akasema ukuta ule haurekebishiki bila kuteremsha ghorofa zote, kisha akanipa pole kama aliyekuja matangani. Kumhamishia mavyaa kwa kaka yangu kule mtaa wa Ganjoni tulishajaribu. Aligoma kula mpaka tukamrudisha.

Na yeye mwenyewe hajui. Salma aliingia jana kumwambia. Nyanya yake akamshika kichwa, akamsomea dua ndefu, na Salma akatoka macho mekundu, hajamwambia. Nikaingia mimi. Nikatoka na sahani tupu.

Bi Zuleha amezipata habari, mtaa huu hauna siri. Nilimngoja aje anicheke, na haki yake anayo. Alikuja, akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, "Chumba cha juu kabisa nishakitandika. Wa kumbeba wapo kwangu. Wewe kazi yako akubali."

Akubali. Mimi mwenye maneno ya kuujaza mtaa, hilo moja silipati.

Mchana huu nilipokuwa namkausha miguu, mavyaa aliniagiza nimtolee leso yake mpya sandukuni. Anataka mlango ufunguliwe pande zote mbili, na kiti chake kiwekwe mbele kabisa, amwone mjukuu wake akisema.

"Watu wanakuja kukimbilia kwangu," akasema. Alikuwa anatabasamu. "Na Zuleha usimsahau. Mkalishe mahali pazuri."

Nikasema, haya, Mama. Nikaendelea kumkausha miguu, ingawa ilikuwa imekwisha kukauka.

Salma amesema kama mimi siwezi, atasema yeye, amepiga magoti mbele ya kiti chake, watu wakisikia. Simlaumu, kazi ni yake na nyanya ni wake. Mimi nimebaki na kuchagua mchele. Bahari ikija ina njia yake, mavyaa naye ana yake, na sioni mkono wangu utashika wapi.

Leso nimeipiga pasi. Ubani upo. Jumapili, baada ya laasiri, wanakuja wote.