Penye Pengo Niliweka Sufuri

Garsen, Jumamosi, baada ya alasiri.

Joto la leo halina haya. Upepo umegoma, mabati yanalia juu ya kichwa changu, na mimi nimekaa mbele ya kompyuta nikiogopa ramani niliyoichora mwenyewe.

Nicheke au nilie, sijui.

Nieleze kidogo, maana nikiyasoma haya mwakani nitajiona mwendawazimu. Bosi wangu, Abdinoor, ana boti ya injini inayovusha watu na maembe. Anataka kujenga gati jipya huku chini, na abiria wake wa kwanza watakuwa watoto wa shule, ambao sasa huzunguka njia ndefu ya juu. Kazi yangu ilikuwa kumwambia gati likae wapi, mahali pasipo na mamba. Karani wetu, Komora, alizunguka vijijini na maswali kwenye simu, mimi nikayaingiza majibu kwenye programu ya takwimu, programu ikachora mto. Nyekundu ni pabaya, kijani ni salama.

Kuna kijiji kimoja, ukipita Chara, jina lake sitaliandika hapa. Kilitoka kijani kitupu. Hakuna aliyeshikwa na mamba, hakuna hata aliyekoswakoswa. Abdinoor alipiga makofi. "Hapo hapo! Jumatatu tingatinga linaanza kusafisha ukingo."

Nikajiona mtaalamu. Nikanywa na soda yake.

Jana nikawa naipitia faili, nikaona kitu. Swali la mamba halikujibiwa na hata mtu mmoja wa kijiji kile. Mbuzi, maembe, nani anasoma, nani ameolewa, yote walijibu vizuri. Wakifika pale, pengo. Na nani aliyeyageuza mapengo kuwa sufuri? Mimi. Programu hainung'uniki, ukiiambia penye pengo weka sufuri, inaweka. Ndivyo nifanyavyo na hesabu za boti kila wiki: siku ambayo haikuandikwa safari, nahesabu hakuna aliyevuka. Mazoea tu.

Nikamrukia Komora. Nikamwambia ulikaa kivulini wewe, ukaruka swali. Akaniapia.

"Dada, niliuliza kila nyumba. Waliniangalia tu. Twende ukaulize mwenyewe, wewe si una mdomo?"

Basi leo asubuhi tukaenda, na pikipiki yake.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba hakuna njia ya kwenda majini. Kijiji kiko ukingoni kabisa, mto unausikia ukiwa ndani ya nyumba, lakini majani yamesimama mpaka kwenye maji, hayajakanyagwa na mguu. Wanawake walikuwa wanateka kutoka juu, ndoo imefungwa kwenye ncha ya mti mrefu. Aliyekuwa akiteka hakusema neno mpaka ndoo ifike kwake. Akiishika tu, anarudia soga yake pale pale alipoiachia.

Watu wakarimu, jamani. Tulipewa chai kabla hatujakaa sawasawa. Nikamuuliza mama mmoja kijana, anaitwa Zaina, kama kuna mtu amewahi kushikwa na mamba hapa. Alikuwa amempakata mtoto upande wa mtoni. Alimhamisha mtoto, akamweka upande wa pili, mbali na maji, kisha akaniuliza kama sukari inatosha.

Nikaenda nyumba ya pili. Mwenye nyumba akamvuta binti yake kutoka kushoto, akamsimamisha kulia. Akatabasamu, akanikaribisha chai. Nyumba ya tatu vile vile, na pale mtoto hakuwepo. Mama wa watu alikihamisha kigoda kitupu.



Na kiherehere changu sikuacha. Nikateremka nikanawe uso, nionekane siogopi. Soga zote zikakatika, zikabaki kengele za mbuzi tu. Zaina akaja, akanishika mkono wa buibui, akanirudisha juu bila neno, akapiga magoti akanifuta matope miguuni kwa leso yake. Alifuta mpaka baina ya vidole.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Shangazi Hawayu.

Shangazi alikuwa akikaa nasi nilipokuwa mdogo, yeye ndiye aliyenisuka nywele. Siku moja hakuwepo. Tulikuwa tumesimama nje, nikamuuliza mama, shangazi yuko wapi. Mama alinishika bega, akanihamisha, akaniweka upande wake wa pili, mbali na mto. Muda mfupi baadaye tulihamia Minjila, nikaambiwa ni kwa ajili ya shule. Kumbe siku ile nilijibiwa, na umri wote huu sikujua.

Niliporudi ofisini nikaiambia programu ifanye kinyume. Nionyeshe vijiji ambavyo watu wamejibu kila kitu isipokuwa swali hilo moja. Ikazunguka, ikazunguka, ikaleta ramani.

Karibu kila palipokuwa na kijani ndipo penye kimya.

Zile sehemu nyekundu nilizokuwa nikiziogopa ni mahali ambapo watu bado wanaweza kusema. Nimeitazama nikasikia baridi, na joto lote hili.

Nikampigia Abdinoor. Hakunigombeza, lakini tingatinga limeshakodiwa na washirika wake wanataka sababu. "Kimya nitampelekea nani, mama? Niletee mtu mmoja. Jina moja tu."

Zaina hatasema. Hakuna atakayesema. Nikampigia mama.

Nilimweleza yote mbio mbio, kisha nikamwambia nataka kuliandika jina la shangazi. Nikamsikia anapumua. Nikasikia mlango unafungwa.

"Unaliandika wapi?"

"Kwenye kompyuta, mama."

"Iko mbali na maji?"

"Mbali."

"Basi andika. Alikuwa amejifunga leso niliyompa mimi." Akakata simu.

Nimelia kidogo, sitaficha. Kisha nikaandika: Hawayu, alikwenda kuteka maji. Nikaichora ramani upya, nikamtumia Abdinoor. Kijani kote kule, na doa moja jekundu penye nyumba yetu ya zamani, kijiji ambacho nacho hakikujibu.

Baadaye akanipigia. Aliposema, haikuwa sauti yake ya ofisini.

"Ongeza mwingine. Yusuf. Kule juu, Nanighi. Alikuwa ananywesha ng'ombe."

"Yusuf nani, bosi?"

"Mdogo wangu."

Nimemfanyia kazi mtu huyu tangu boti ya kwanza, sikujua kama alikuwa na mdogo. Tingatinga haliendi, ameshalirudisha. Watoto watazidi kuzunguka njia ya juu, na walalamike wanavyotaka.

Kesho nitarudi kule na Komora. Sitauliza chochote. Nitakaa na Zaina, ninywe chai yake, nimtaje shangazi yangu kwa jina, halafu nisubiri. Asiposema, pengo litabaki pengo. Sufuri siweki tena.

Nilikuwa nataka kuishia hapo. Lakini sasa hivi nimeinuka kufungua mlango angalau hewa ipite, na mtoto wa jirani, yule asiyejua kunyamaza, akaja akasimama nami kizingitini. Akaniuliza mbona macho yangu mekundu, nani amenifanyia nini.

Nimemshika bega, nikamhamisha upande wangu wa pili. Nilipogundua nimefanya nini, mkono wangu ulikuwa bado uko begani kwake.